Mwanangu, anza na kile mtoto alichoulizwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na maswali yako mawili nimeyaona. La kwanza: umekariri hatua nne za makuzi ya mtoto za Piaget, nane za Erikson na maneno yote ya Vygotsky, lakini mtihani wa saikolojia ya makuzi ukakuletea swali la "jadili kwa kina" na alama zikawa ndogo; sasa usome vipi? La pili: kwa tasnifu ya mwaka wa tatu unataka kulinganisha watoto wa mjini na wa kijijini katika kuelewa mawazo ya mtu mwingine, je, inafaa?

Naanza na la kwanza, maana la pili limo ndani yake. Hatua ni majibu, nawe umeyameza majibu bila kuuliza mtoto aliulizwa nini. Mtoto mdogo hawezi kukueleza anachokijua. Kila tunachosema kuhusu akili yake tumekipata kwa kuzunguka: ametazama kwa sekunde ngapi, amenyoosha mkono upande gani, amesema nini baada ya sisi kumimina maji. Njia hiyo ikiwa na kasoro, na hatua ina kasoro. Mtahini anayeandika "jadili" anataka kuona kama umeiona.

Chukua maji ya Piaget. Kuna bilauri mbili zinazofanana, maji sawasawa. Mtoto anaulizwa kama yako sawa, anakubali. Unayamimina ya moja kwenye bilauri nyembamba na ndefu, mbele ya macho yake, kisha unamuuliza tena swali lilelile. Wengi walio chini ya miaka 6 au 7 husema ya bilauri ndefu ni mengi zaidi. Noti zako zinasema hajaelewa kwamba kiasi hakibadiliki. Lakini tazama kilichotendeka: mtu mzima ameuliza jambo moja mara mbili, na katikati amegeuza kitu kwa makusudi. Mtoto aliyefunzwa adabu, akiulizwa tena na mkubwa, anaweza kabisa kudhani jibu lake la kwanza halikuridhisha. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walitumia safu mbili za vitu vidogo, na badala ya mtafiti kuisogeza safu moja, alitokea dubu mtundu, mwanasesere, akaivuruga. Watoto wa miaka 4 hadi 6 waliojibu sawa wakaongezeka sana. Usikimbilie kuandika kwamba Piaget ameanguka, maana wako watoto walioshindwa hata kwa dubu, na wakosoaji waliuliza kama vurugu zile hazikumfanya mtoto asizingatie safu yenyewe. Mabishano hayo ndiyo somo, nayo ndiyo yanayokupa alama.

Kwa hiyo badili namna ya kuandika noti. Kila utafiti upe nusu ukurasa: watoto walikuwa akina nani na wa miezi mingapi, walionyeshwa nini, waliambiwa maneno gani, kipi kilihesabiwa kuwa jibu sahihi, na kitu gani kingine kingeweza kuleta jibu hilohilo. Hilo la mwisho likikushinda, rudi usome sehemu ya mbinu katika makala yenyewe. Kitabu cha kiada hukata sehemu hiyo kwa kuokoa nafasi, na ndiyo uliyoihitaji.

Kuna utafiti mmoja ninaotaka uujue kama jina lako, wa Robert Serpell, uliochapishwa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi moja, kuiga umbo waliloonyeshwa, ila kwa vifaa tofauti. Kwa penseli na karatasi watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya watoto wa Zambia wakawapita. Kwa udongo wa kufinyanga wakalingana. Wewe umekua ukiona vijana wakitengeneza magari ya waya, huhitaji maelezo marefu. Mpimaji aliyebeba penseli peke yake angerudi na ripoti kwamba mtoto wa Lusaka ana upungufu wa kuona maumbo, na ripoti hiyo ingekuwa na takwimu safi kabisa. Hapo ndipo madhara yanapoingia, maana kipimo cha namna hiyo ndicho kinachompeleka mtoto kwenye darasa la "wazito".

Katika mfungamano wa mtoto na mlezi, wanafunzi hukosea jambo lilelile kila mwaka. Mary Ainsworth alianza kazi hiyo Uganda, mwaka 1954 na 1955, akiwatembelea majumbani mama 26 wa Kiganda karibu na Kampala, kabla ya kwenda Baltimore, alikotunga jaribio la hali ngeni. Jaribio lina vipande 8, vingi vya dakika 3, jumla kama dakika 20: mama anatoka, mgeni anabaki, mama anarudi, na hivyo tena. Ni kwa watoto wa miezi 12 hadi 18 hivi. Wanafunzi huandika kwamba mtoto anayelia mama akitoka hana usalama, yaani hana imani na mlezi wake. Sivyo. Kinachopimwa zaidi ni mama akirudi: je, mtoto anamwendea, anatulia, anarudi kuchezea vitu vyake? Anayelia kwa uchungu kisha akabembelezeka huwekwa kundi la wenye usalama. Sasa uliza lile swali la mwisho la nusu ukurasa: nini kingine kingeweza kuleta jibu hilohilo? Huko Sapporo, Japani, mtafiti Takahashi aliona watoto wengi wakiangukia kundi la wanaolia wasibembelezeke, na sababu moja ni kwamba watoto wale hawakuzoea kuachwa hata kidogo, hivyo jaribio liliwalemea kupita kiasi kilichokusudiwa. Mtoto anayepokezanwa na bibi, shangazi na dada mkubwa anaweza kuwa upande mwingine kabisa: mama kutoka si habari.

Majedwali ya "miezi 6 anakaa, miezi 12 anatembea" pia yasome kwa jicho hilo. Charles Super, akiwa Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya miaka ya 1970, aliona watoto wakikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kama mwezi mmoja hivi, kwa sababu walifundishwa mambo hayo kwa makusudi. Kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hakukuwahi.

Nije kwenye tasnifu yako. Mjini na kijijini usilinganishe. Ndani ya neno "kijijini" kuna elimu ya mama, idadi ya ndugu, lugha ya nyumbani, lishe, umbali wa shule ya awali. Tofauti ikitokea hutajua imetoka wapi. Kuna na hesabu. Kulinganisha makundi mawili ukitafuta tofauti ya ukubwa wa kati, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona ikiwepo, unahitaji watoto 64 kila kundi. Ukiwa na 20 kila upande utaona tofauti kubwa mno tu, na ukiikosa hutakuwa umethibitisha kwamba haipo. Kipimo kilekile kikifanywa mara mbili kwa watoto walewale, 34 wanatosha kwa tofauti ya ukubwa wa kati ya namna hiyo. Ndiyo maana ningebadilisha swali: katika mtaa mmoja, je, mtoto anajibu sawasawa akiulizwa na mtu mzima na akimweleza mtoto mwenzake? Nusu waanze na mtu mzima, nusu waanze na mwenzao, la sivyo mazoea yatajifanya matokeo. Ila majibu yako yakiwa ya kupata au kukosa tu, idadi hiyo hupanda, kwa hiyo tunga hadithi fupi nne au zaidi kila upande ili kila mtoto awe na alama.

Hadithi yenyewe unaijua, ni ya aina ile waliyoitumia Wimmer na Perner mwaka 1983: Asha anaweka mpira kwenye kikapu, anatoka, Juma anauhamishia kwenye sanduku, Asha anarudi bila kujua. Uliza "Asha atautafuta wapi kwanza?" na hilo "kwanza" usiliache, maana bila hilo mtoto anaweza kusema mahali atakapoupata mwishowe. Jihadhari pia na kitenzi ukiuliza mawazo ya Asha. "Anadhani" kwetu kina harufu ya kukosea. "Anafikiri" hakina sana. Chagua kimoja, kiandike kwenye karatasi, na wasaidizi wako wasome neno kwa neno. Weka maswali mawili ya kuhakiki: mwanzo mpira ulikuwa wapi, sasa uko wapi? Anayekosa hayo hakufuata hadithi. Mtoe kwenye hesabu na useme umewatoa wangapi. Tena mahali ni pawili, hivyo kubahatisha tu ni nusu: watoto 20 wakipata kati ya 40 hujapata kitu.

Umri uandike kwa miezi kutoka kwenye kadi ya kliniki. "Miaka minne" ya mdomo inaweza kuwa miezi 48 au 59, na katika kipimo hiki pengo hilo ni kubwa kuliko chochote unachotafuta. Jaribu kwanza kwa watoto 5 au 6 ambao hutawahesabu. Rekodi video, na mtu wa pili asiyejua unatafuta nini aweke alama angalau kwa video moja kati ya tano, kisha mpime mnavyokubaliana kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu. Mkipishana sana, maelezo ya kuweka alama hayajaeleweka, yaandike upya.

Ukitaka kupima makuzi kwa jumla, usitafsiri vipimo vya Ulaya vyenye picha za vitu wasivyoviona watoto. Kilifi, Kenya, walitengeneza kipimo chao cha watoto wa miezi 6 hadi 35, Malawi nao wanacho chao, na orodha za maneno ya watoto wadogo zipo kwa Kiswahili na Kigiriama.

Vibali anza kuvishughulikia kabla hata zana hazijakamilika. Tanzania barua ya chuo hupita kwa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri ndipo imfikie mwalimu mkuu; Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mzazi aweke sahihi, na mtoto naye aulizwe. Mtoto akigeuza uso au akitaka kwenda kwa mwalimu wake amekwisha kukataa, hata kama mzazi ameridhia. Biskuti wape wote, na yule aliyekataa pia.

Takwimu zisikutishe, JASP ni programu ya takwimu ya bure, na katika jedwali lake mstari mmoja ni mtoto mmoja. Niletee maneno kamili ya hadithi zako kabla hujampelekea msimamizi, pamoja na yale ya maswali ya kuhakiki. Nitayasoma kwa sauti kama mtoto wa miezi 50 anavyoyasikia.

Mama yako