Wahadhiri wa kemia na vifaa vya maabara ya afya: anzeni na sampuli

Umeuliza namna ya kuwaandaa wahadhiri wa kemia waliopangiwa kufundisha vifaa vya maabara kwa wanafunzi wa kada za afya. Mimi nilitokea kemia, na mafunzo haya nimeyaendesha miaka kadhaa sasa.

Nadharia msiwarudishie. Sheria ya Beer na Lambert, ile inayohusisha mwanga unaofyonzwa na wingi wa kitu kwenye mmumunyo, wanaijua hata usingizini. Wasichokijua ni safari ya damu kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye mashine.

Siku moja niliwapa wahadhiri sita sampuli niliyoiandaa makusudi. Sodiamu ilitoka vizuri, potasiamu ikasoma 14 mmol/L, kalsiamu ikawa karibu haipo. Potasiamu ya kawaida haivuki 5 na kitu. Ingekuwa 14 kweli, huyo mgonjwa asingekuwa hai. Basi wakaivamia mashine. Wakasafisha elektrodi, wakakalibrisha upya, mmoja akaandika ubaoni mlinganyo wa Nernst, ule unaoeleza volti ya elektrodi. Saa nzima ikapita. Mama mmoja mtaalamu wa maabara, ambaye naye sikumwambia kitu, akauliza tu: "Hii damu imepitia tyubu ya kifuniko cha rangi gani?"

Nilikuwa nimeianzia kwenye zambarau, kisha nikaimimina kwenye nyekundu, kama afanyavyo mchukua damu mwenye haraka. Tyubu ya zambarau ina EDTA ya potasiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande: inaongeza potasiamu na kuikamata kalsiamu. Wote sita walishaitumia EDTA kupima ugumu wa maji! Haikuwajia akilini kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama pale damu inapotolewa.

Tangu hapo wiki ya kwanza wanakaa mapokezi ya sampuli, mashine hawaigusi. Wanaona seramu iliyogeuka nyekundu kwa kupasuka chembe, na ile nyeupe kama maziwa kwa mafuta. Wanapima glukosi ya damu iliyoachwa mezani bila kutenganishwa, wanaona inavyoshuka, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, maana chembe zinaendelea kuila.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwao. Mkemia hupima mara tatu akachukua wastani. Hospitalini sampuli ya mgonjwa kwa kawaida hupimwa mara moja, na imani yote iko kwenye sampuli za udhibiti ubora, ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Kwa hiyo chati ya Levey na Jennings, iliyopo tangu 1950, ambako majibu ya sampuli hizo huchorwa siku kwa siku, pamoja na kanuni za Westgard za 1981 za kuamua kama yamepotoka, tunazifanyia kazi kila asubuhi. Kuchora hakutoshi, mhadhiri aamue majibu yatoke au yazuiliwe, na aseme kwa nini.

Kisha natega hitilafu kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli: alama ya kidole kwenye kyuveti (kichupa angavu cha sampuli), kiputo cha hewa, urefu wa wimbi nanomita 540 badala ya 505 kwenye kipimo cha glukosi. Wanazitafuta wenyewe, baadaye wao ndio wanawategea wanafunzi.

Mtaalamu wa maabara kama yule mama mpeni kipindi kwenye ratiba na nafasi ya kutoa alama za mtihani wa vitendo, asiitwe kama msaidizi wa kuosha vyombo. Hili nalisisitiza sana.

Na kama hamna mashine kubwa za otomatiki, anzeni hivyohivyo. Kolorimita ya zamani, ndugu sahili wa spektrofotomita, ukiifungua kifuniko, mwanafunzi anaiona taa, anakiona kichujio cha mwanga, anafuata mwanga kwa kidole mpaka kwenye kipokezi.