Maziwa ya mtoto kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege

Maziwa ya mtoto yanapita hata yakizidi mililita 100, kikomo cha kawaida cha vimiminika kwenye mzigo wa mkononi. Maziwa ya mama, ya unga yaliyokwisha kukorogwa na maji ya kukorogea yana msamaha wake, mradi kiasi kilingane na urefu wa safari. Yatoe kwenye mkoba kabla ya mashine na umwambie mkaguzi mwenyewe. Wanaweza kukutaka ufungue chupa, kwa hiyo beba kadhaa ndogo, si moja kubwa: ikifunguliwa moja, nyingine zinabaki safi.

Angalia tu nchi unayobadilishia ndege, maana mara nyingi unakaguliwa upya huko. Uingereza, maziwa ya mama yaliyogandishwa hayaruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi. Marekani yanaruhusiwa pamoja na vipozeo vyake (pakiti za barafu).

Kama anatumia ya kopo, usikoroge nyumbani. Yaliyokorogwa yakikaa zaidi ya saa 2 bila baridi ni ya kumwaga. Pima unga wa kila mlo kwenye kikopo chake, kisha umwombe mhudumu maji ya moto mapema, kabla mtoto hajaanza kulia, maana yanahitaji muda wa kupoa na ukisafiri peke yako huna mtu wa kukupokea mtoto.

Mlo mmoja uweke kwa ajili ya kushuka. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na kumeza ndiko kunakomzibua masikio. Usingoje tangazo la mwisho la mikanda, masikio huanza kumuuma kabla ya hapo.