Umetoka kazini? Hiyo penshoni usiiguse kwanza

Mimi nilifanya kazi hoteli moja hapa Malindi miaka tisa, upande wa hesabu, afu 2020 corona ikafunga ndege za wageni tukaambiwa tuende nyumbani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kujaza fomu nitoe michango yangu ya penshoni, manake kila mtu alikuwa anajaza na mimi nikaona nisiachwe nyuma. Nikapata laki mbili na themanini. Nyengine ikalipa kodi ya nyumba Maweni, nyengine nikashirikiana na shemeji tukanunua tuktuk, na abiria wenyewe watoke wapi mji mzima umelala? Miezi minane sina kitu. Naumia hadi leo.

Mwenzangu tuliyekaa naye dawati moja yeye alikaza. Aliishi kwa akiba yake ya chama, akauza samaki Mambrui, penshoni yake akaihamisha kwenye skimu ya mtu binafsi, yaani mfuko wa penshoni unaojiunga mwenyewe bila mwajiri. Piga hesabu, laki mbili na themanini ikipata wastani wa asilimia 9 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni milioni moja na nusu na ushee, na hujaongeza hata shilingi.

Sasa wewe unayetoka leo, nisikilize. Ukitoka kabla ya umri wa kustaafu si lazima utoe pesa, unaweza kuziacha pale pale au kuzihamisha kwenye skimu nyengine iliyosajiliwa na RBA, ile mamlaka ya Kenya inayosimamia penshoni, na zikihama moja kwa moja kutoka skimu hadi skimu kodi haikatwi. Ukitoa mapema, kinachozidi kile kiwango kilichosamehewa kodi kinakatwa kodi, wakati tangu mwisho wa 2024 anayengoja mpaka umri wa kustaafu hakatwi kodi kabisa. Kuziacha pale pale mimi siipendi sana, hoteli zetu hizi hufungwa zikauzwa, wewe umebadilisha namba ya simu, mwisho pesa inahesabika haina mwenyewe inapelekwa serikalini kwa UFAA, mamlaka inayotunza pesa zisizodaiwa, uanze kuitafuta huko.

Kabla hujarudisha yunifomu omba stetimenti ya skimu na ya NSSF uzilinganishe na peislipi mwezi kwa mwezi. Kwangu mimi ilikosekana miezi mitano, nimekatwa na haikupelekwa, nikaligundua nishatoka na mlangoni siruhusiwi tena. Ukiwa bado mfanyakazi wasikilizwa haraka zaidi.

Ukihamisha, uliza pesa inawekwa wapi. Kuna mfuko wa dhamana, huo mtaji haupungui ila faida yake huwa ya taratibu, na kuna ule unaofuata soko, leo juu kesho chini. Mwenye miaka 35 anaweza kuvumilia soko, mwenye 57 asijaribu, hana muda wa kungoja lipande tena. Na sisi tunaochunga riba tuulize mapema kama wana mfuko wa kisharia, manake skimu nyingi zimejaa hati za serikali, na hizo hulipa riba.

Ya kula ile miezi ya mwanzo iwe pembeni kabisa, anza kuiweka kaskazi wakati wageni wamejaa, kwa sababu njaa ya kusi ndiyo inayowapeleka watu kujaza fomu.

Afu ile fomu ya warithi ijaze upya. Mwenzangu alipohamisha ndo akaona jina la mtoto wake wa pili halipo, na mtoto ana miaka sita.