Vidonge vya "bakteria wa baharini" kwa saratani ya ubongo?

Pole sana dada kwa kuuguliwa na mama. Umeuliza kama ununue vidonge vya "bakteria wa baharini" ulivyotangaziwa WhatsApp, kwa uvimbe wake wa glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo. Usinunue.

Tangazo limebeba chembe ya ukweli, ndiyo maana linanasa watu. Bakteria Salinispora tropica, aliyepatikana kwenye matope ya chini ya bahari huko Bahamas na watafiti wa taasisi ya bahari ya Scripps, California, hutoa kemikali inayoziba proteasomu, yaani mtambo wa seli wa kusaga protini chakavu. Taka zikilundikana, seli ya saratani hufa. Kemikali hiyo ikawa dawa ya majaribio, marizomib, inayotolewa kwa dripu. Jaribio kubwa la wagonjwa wa glioblastoma likaonyesha kuwa kuiongeza kwenye tiba ya kawaida hakukurefusha maisha, madhara tu yaliongezeka.

Ipo dawa nyingine, trabectedin, yenye asili ya baharini pia, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007, ila hiyo ni ya sarkoma, saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta, si ya ubongo.

Hela hiyo itunze kwa nauli za mionzi. Kama mama ameshaanza kuvimeza, peleka kopo lenyewe kwa daktari wake, wala usimfiche.