Gari limegongwa, limenyooshwa, bei imeshuka: nilivyodai nikiwa Mtwara

Mkuu, umeuliza kama unaweza kudai tofauti ya bei. Gari lako liligongwa pale Mingoyo, bima ya aliyekugonga ikalitengeneza, na sasa kila mnunuzi akilikagua anakata milioni mbili. Unaweza kudai, ila si kwa bima yako mwenyewe, na maneno matupu hayatakufikisha popote. Mimi nilidai 2,300,000, nikapata 1,400,000, na ilinichukua miezi saba ya kupanda na kushuka ngazi za watu.

Langu lilikuwa IST. Ilikuwa Novemba, korosho zimeshika moto, natoka Lindi. Nimeshaingia Mikindani, napunguza mwendo kwenye matuta, nyuma yangu kuna lori limesheheni magunia linawahi bandarini. Breki zikamshinda. Buti likaingia ndani hadi kugusa siti ya nyuma, na ming'oko niliyokuwa nampelekea mama ikamwagika barabarani yote. Mimi nilitoka na shingo inayouma tu, namshukuru Mungu.

Trafiki walikuja, wakapima, wakachora ramani. Dereva alikiri kosa mahakamani, akalipa faini. Watu wengi wakishaona gari linapelekwa gereji wanaacha kufuatilia hayo makaratasi. Mimi nilichukua nakala ya PF 90 (fomu ya polisi ya taarifa ya ajali), ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na ile hukumu ya trafiki, nikaziweka kwenye bahasha moja. Baadaye mwenye lori alipoanza kusema eti nilifunga breki ghafla, bahasha ilimjibu.

Fundi bodi aliyelitengeneza sina la kumlaumu. Alikata kipande cha nyuma kilichojikunja, akachomelea kingine, akapiga puti (ule udongo wa kusawazishia bodi), rangi ikakubali. Ukisimama mita mbili huoni kitu. Sasa mnunuzi gani wa gari anasimama mita mbili? Wa kwanza kuja alikuwa jamaa wa Shangani. Injini hata hakuiwasha. Alifungua buti, akanyanyua zulia, akatoa tairi la spea, akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea kuanzia kushoto hadi kulia. Halafu akatoa mfukoni kisumaku cha spika mbovu. Akakiweka mlangoni, kikanata. Akakisogeza hadi karibu na taa ya nyuma, kikadondoka mchangani. Akakiokota, akakifuta kwa shati. "Kaka, hapa pana puti nene. Nakupa kumi na laki saba." Wiki tatu kabla ya ajali jirani yangu aliuza IST ya mwaka uleule, kilomita zinakaribiana, kwa 13,000,000.

Nikakimbilia bima yangu, maana nilikuwa na bima kubwa. Wakanifungulia mkataba wangu mwenyewe: kushuka thamani hawalipi, na hasara ya kutotumia gari hawalipi. Kweli imeandikwa, na ya kwako bila shaka imeandikwa vivyo hivyo. Bima kubwa inakurudishia gari barabarani, basi.

Anayedaiwa ni aliyekugonga, kwa uzembe wake, na kama dereva alikuwa kazini, mwajiri wake anabeba. Bima ya lori inaingia kwa sababu imebeba dhima ya mwenye lori. Hapo kuna mtego. Bima ndogo ambayo sheria inalazimisha (Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169) inahusu kifo na majeraha ya watu. Mali ya mtu mwingine inalipwa kwa jinsi mkataba wa bima ulivyoandikwa, na huwa ina kikomo cha kiasi. Kwa hiyo barua ya madai usiiandike kwa kampuni ya bima peke yake. Mwandikie mwenye chombo, kampuni umpe nakala. Bima ikigoma au kikomo kikiisha, bado una mtu wa kumshika.

Kampuni ya bima ya lori walinijibu kwa mistari mitatu: gari limetengenezwa, dai limefungwa. Wakili mmoja, rafiki wa shemeji yangu, ndiye aliyenionyesha njia. Akanitajia kesi ya Uingereza ya 1974, Payton dhidi ya Brooks. Majaji walikubali kwamba gari hata likitengenezwa vizuri, kama soko bado linalishusha bei kwa sababu ya ajali, hasara hiyo inaweza kudaiwa. Lakini aliyedai hakupata kitu, kwa kukosa ushahidi. Kesi ya Uingereza haizifungi mahakama zetu, ila zinaisikiliza. Na kwetu Mahakama ya Rufani ina msimamo wa siku nyingi kwamba hasara mahususi ya namna hii uitaje kwa kiasi chake, na uithibitishe hasa. "Kama milioni mbili hivi" haikubaliki.

Ushahidi wangu wa kwanza ulikuwa karatasi tatu za madalali. Kampuni wakazicheka, na kusema kweli hata mimi ningezicheka, moja iliandikwa nyuma ya risiti ya mafuta. Nikamtafuta asesa, yaani mtathmini wa hasara, mwenye leseni ya TIRA (mamlaka inayosimamia bima) ambaye hana uhusiano na upande wowote, nikamlipa 250,000. Akakagua, akapiga picha ule mshono chini ya zulia, akaandika bei ya soko kabla ya ajali na bei baada ya matengenezo, na sababu. Nikaambatisha nakala ya mkataba wa mauziano wa jirani, kwa ridhaa yake, na picha za gari langu kabla ya ajali. Hizo picha zilikuwa za harusi ya binamu, gari limefungwa maua, lakini ubavu mzima unaonekana.

Barua ya pili nilipeleka pamoja na hayo yote. Kimya cha mwezi mzima. Nikaenda TIRA, ofisi ya Kanda ya Kusini ipo hapahapa Mtwara, nikaacha malalamiko kwa maandishi. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, sikufika huko, maana kampuni waliniita mezani. Wakaanza na laki sita. Nilisimamia ripoti ya asesa. Tukamalizana 1,400,000. Wakili alisema mahakamani ningeweza kupata zaidi, lakini nilipiga hesabu ya nauli, muda na ada yake, nikasaini.

Kuna kitu kilichoniokoa ambacho nusura nikipuuze. Siku ya kuchukua gari gereji, kijana wa bima ya lori aliniletea fomu ya kusaini kwamba nimeridhika. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa sina dai lingine lolote kutokana na ajali hii. Nilimwomba kalamu, nikakata ule mstari, nikaandika kwa mkono: "Nimepokea matengenezo tu. Dai la kushuka kwa thamani linabaki." Kijana akanuna, akapiga simu, mwishowe akachukua. Nikapiga picha fomu kabla haijaondoka.

Kama gari lako lilishakula puti kabla ya ajali hii, au ni la miaka mingi na bei yake ni ya kugombania laki, usijisumbue, ada ya asesa itakula ulichodai. Na kama aliyekugonga ni bodaboda asiye na bima wala kitu, utashinda kwenye karatasi tu. Muda nao uangalie: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu ajali.

Usiliuze kwanza kabla asesa hajaliona. Na leo hii katafute nakala ya fomu uliyosaini gereji, usome mistari ya chini, halafu uje utuandikie inasemaje.