Uliza Anko: Waini ya Dodoma naionjaje mtu nisiyejua kitu?

Shikamoo Anko. Nimehamia Dodoma kikazi, naishi Nkuhungu, na kila ndugu wa Dar akisikia niko huku anataka nimchagulie waini. Kumbe wala sijui. Kwenye hafla ya ofisi bosi akazungusha glasi, akanusa, akasema hii ina tanini nzuri, mi nikaitikia tu. Kunywa sasa, inakausha mdomo hadi nikatamani kuichanganya na soda. Nianzie wapi? Na kupenda tamu ni ushamba?

Marahaba binti yangu. Tamu sio ushamba hata kidogo, huku wengi tumeanzia kwenye tamu na wengine wamebaki hukohuko na maisha yanaenda. Ila ujue inavyokuwa: juisi ya zabibu ina sukari, hamira inaila ile sukari inaigeuza kilevi, ikiila yote unapata waini drai, ikiachiwa kidogo unapata semi switi. Kwa hiyo ile ya bosi haikuwa mbovu, ilikuwa drai tu, na sukari ikiwa nyingi inafunika mambo mengine ndo maana kujifunzia kwenye tamu sana ni kazi.

Huko kukausha mdomo ni ukakasi, na ndo tanini yenyewe. Inatoka kwenye maganda na mbegu. Nyekundu inachachushwa na maganda yake humohumo, ndipo inapopata na rangi, nyeupe inakamuliwa kwanza maganda yanawekwa pembeni. Chai ya rangi uliyosahau majani ndani nayo ina tanini, kunywa ikiwa imepoa bila sukari utaielewa mara moja. Ukishameza waini pitisha ulimi kwenye fizi za juu mbele, kama unakwaruza pale ni tanini. Mate yakijaa pembeni ya ulimi huo ni uchachu, kitu kingine kabisa, na wanaoanza wanavichanganya hivi viwili kila siku wanaviita "ukali".

Sasa ushauri wangu mkubwa: usinunue chupa moja. Chupa moja haikufundishi kitu maana huna cha kulinganisha nayo. Changeni na wenzako wawili watatu, chukueni mbili za hapahapa, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe (ni majina ya aina za zabibu, hii ya pili mbegu yake asili ni Ufaransa lakini Dodoma imekubali vizuri tu), zote drai, mimineni pamoja, glasi isizidi theluthi. Siku hiyo hakuna pafyumu wala udi ndani, na pilipili iwekwe mbali. Weka karatasi nyeupe nyuma ya glasi uone rangi, nusa kabla hujatikisa, halafu zungusha uinuse tena, hewa inatoa harufu zilizokuwa zimejificha. Bosi wako hakuwa anajishaua. Huamini, ziba pua unywe, utabaki na utamu, uchachu, uchungu na huo ukakasi basi, ukiiachia pua ndo vingine vyote vinaingia.

Na usihangaike na majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyaona sokoni, unanusa zambarau sema zambarau, ni ukwaju, ni ubuyu, ni moshi, ni nyasi zilizokatwa asubuhi, andika kwenye simu hivyohivyo. Kinachotakiwa ukikutana nayo tena uitambue.

Kuna jambo la joto pia, hili linaharibu waini nyingi Dodoma kuliko hata kiwandani. Ile kusema nyekundu inywewe bila kupozwa ni ya watu wenye nyumba za baridi. Inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18, sebule yako ya mwezi wa kumi na moja haiko hapo, na ikipata joto kilevi kinapiga puani tu husikii kingine. Iweke friji kama nusu saa. Nyeupe iache masaa mawili, itoe kidogo kabla ya kunywa, ikiganda sana harufu inalala.

Kutema ruhusa, wataalamu wanatema kwenye ndoo na hakuna anayewashangaa. Waini nyingi zina kilevi asilimia 12 hadi 14, bia nyingi ni kama 5, kwa hiyo ukisema unaonja huku unameza zote utafika glasi ya nne umeshaanza kumsifia bosi.

Anko, nyama choma ya Msalato inaenda na ipi? Msomaji, Kisasa.

Nyekundu yenye tanini, mafuta na nyama vinaulainisha ule ukakasi, na nyama ukiikamulia ndimu waini ndo inakuwa laini zaidi. Pilipili punguza, inafanya kilevi kiunguze. Kuku au samaki chukua Chenin.

Ikishafunguliwa inakaa siku ngapi? Msomaji, Chamwino.

Irudishie kizibo, iweke friji hata kama ni nyekundu, siku tatu mpaka tano. Ikianza kunukia siki usiimwage, loweka nyama.