Kupamba kodi (chord) ya D kwenye gitaa: kidole kimoja tu kinatosha

Wengine huuliza kama ni lazima kubadili mkono mzima ili D ipambike kwenye nyimbo za kuabudu. Hapana ndugu, huhitaji. Shika D ya kawaida, kisha ongeza kidole kidogo freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 3 ya uzi wa kwanza, ule mwembamba: hiyo ni Dsus4. Kitoe, umerudi D. Ukiinua kidole cha kati pia, uzi huohuo ukalia wazi, umepata Dsus2. Inayobadilika ni noti moja tu, F# kwenda G au E, ndiyo maana sikio linasikia kodi inaning'inia (ndiyo maana ya "sus") halafu inatua. Kidole cha pete kisibanduke freti ya 3 ya uzi wa pili. Wanaoanza wengi hukilegeza hapo na sauti inakufa. Kodi ya A nayo vivyo hivyo, ila kwenye uzi wa pili: freti ya 3 kwa Asus4, kisha wazi kwa Asus2.

Napigia kwaya hapa Masasi, na vijana nawaanzishia hili. Ila msikilize mpiga kinanda: akikaza F# nawe umeng'ang'ania G, zinagongana vibaya. Rudi D kabla waimbaji hawajaingia.